Nyumbani ni Wapi? Lugha na Uratibu wa Misaada kwa Waliofurushwa Makwao katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi misaada ya kibinadamu ilivyoratibiwa nchini Kenya baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, hasa kwa watu waliofurushwa makwao katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Aghalabu upungufu wa uratibu huelezwa kwa hesabu ya malori, mahema na magunia ya unga. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokana na maneno: nani aitwe mkimbizi, nani aingizwe katika orodha, na nyumbani ni wapi.

Utangulizi

Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalitangazwa jioni ya tarehe 30, na kabla ya usiku huo kwisha moto ulikuwa umewashwa katika sehemu nyingi za nchi. Jijini Nairobi, nyingi za habari zilizosikika redioni zilihusu Kibera, lakini upande wa mashariki, katika Mathare, Huruma, Kariobangi, Korogocho na Dandora, watu nao walikuwa wakitolewa vyumbani mwao usiku kwa mapanga na rungu. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote, zaidi ya theluthi moja yao kwa risasi. Mapatano ya kitaifa yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008 baada ya usuluhishi ulioongozwa na Kofi Annan.

Kwa hesabu ya serikali, watu 663,921 walifurushwa makwao. Takriban 350,000 kati yao walikimbilia kambi 118. Waliosalia, zaidi ya 300,000, hawakulala hemani. Walipokewa na ndugu, marafiki na watu wa dini moja nao, au walijibana katika vyumba vya kupanga pahali pengine. Hesabu hii ndiyo kiini cha mjadala wetu, kwa kuwa karibu nusu ya waliofurushwa hawakuwahi kuonekana katika picha iliyotumiwa kupanga misaada. Picha hiyo ilikuwa ya mahema meupe katika viwanja vya maonyesho vya Eldoret na Nakuru. Eastlands ilikuwa na kambi zake chache, kama vile nyua za ofisi za machifu huko Mathare na Huruma na eneo lililo karibu na Kambi ya Jeshi la Anga ya Moi, Eastleigh. Hata hivyo, aliyefurushwa Huruma aghalabu alionekana siku ya pili akibisha mlango wa binamu yake Kayole au Umoja, godoro kichwani.

Swali ni hili: mtu kama huyo alifikiwaje na misaada? Na pale ambapo hakufikiwa, ni kwa nini?

Uratibu wa misaada ni nini?

Kitenzi 'ratibu' kina maana ya kupanga mambo kwa taratibu ili yafuatane vyema. Katika shughuli za kibinadamu, uratibu ni kuhakikisha kwamba wasaidizi wengi hawagongani mahali pamoja huku pengine pakiachwa patupu. Bila uratibu, kambi moja hupelekewa mablanketi mara tatu ilhali kambi jirani haina maji ya kunywa. Kwa ajili hiyo, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio mnamo Desemba 1991 lililoweka msingi wa chombo ambacho leo ni Ofisi ya Kuratibu Misaada ya Kibinadamu. Mwaka 2005 ulibuniwa mfumo wa makundi ya kisekta. Kila sekta, yaani chakula, maji, afya, makazi, elimu, ulinzi wa watu na kadhalika, hupewa shirika moja linaloiongoza na kuulizwa lawama pale inapozembea.

Mfumo huo ulianza kutumika nchini Kenya Januari 2008. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya, ambacho kilikuwa na watu wa kujitolea karibu kila wilaya, kilibeba mzigo mkubwa wa uratibu kwa ushirikiano na Wizara ya Mipango Maalum. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilishughulikia chakula, Shirika la Kuwahudumia Watoto likaangalia maji na elimu, na Shirika la Kuwahudumia Wakimbizi likasimamia ulinzi wa watu na uendeshaji wa kambi.

Kazi hiyo huwa na hatua zinazofuatana. Kwanza mahitaji hutambuliwa. Pili watu husajiliwa. Tatu kazi hugawanywa baina ya mashirika. Nne vitu hugawiwa. Mwisho hufuatiliwa ili ijulikane kama vimefika. Mtu akidondoka katika hatua ya pili, hatua tatu zinazofuata hazimhusu tena. Kusajili, ambako huonekana kuwa kazi ya karani tu, ndiko kunakoamua atakayekula. Na kusajili ni kazi ya lugha: kuuliza jina, kuuliza mahali, na kumtia mtu katika fungu lenye jina.

Mkimbizi, mfurushwa, mgeni

Neno lililozoeleka zaidi kwa watu hawa ni 'wakimbizi wa ndani'. Katika sheria ya kimataifa, mkimbizi ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi yake kwa kuhofia kuteswa, na Mkataba wa 1951 humpa haki maalum katika nchi iliyompokea. Mtu aliyefurushwa ndani ya nchi yake hana mkataba huo. Anazo Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za 1998, zinazomtambua kuwa ni mtu aliyelazimika kuyahama makazi yake kwa sababu ya vita, ghasia, ukiukaji wa haki au majanga, bila kuvuka mpaka wa nchi. Kanuni hizo zinatamka kwamba jukumu la kwanza la kumlinda na kumsaidia ni la serikali yake mwenyewe. Itifaki ya nchi za Maziwa Makuu ya mwaka 2006 ilizipa kanuni hizo nguvu ya kisheria katika ukanda huu. Mkataba uliobeba itifaki hiyo ulitiwa saini Nairobi penyewe Desemba 2006, mwaka mmoja kabla ya machafuko.

Kimofolojia, 'mkimbizi' ni nomino ya mtendaji inayotokana na kitenzi 'kimbia'. Humtaja mtu kwa tendo alilolitenda yeye, yaani kukimbia, na huficha aliyemkimbiza. Kiswahili kina njia nyingine. Kutokana na vitenzi vya kutendwa tunapata nomino kama 'mfungwa' na 'mpendwa', ambazo humtaja mtu kwa lililomfika. Kwa kanuni hiyo hiyo tunaweza kusema 'mfurushwa' au 'mhamishwa', na papo hapo swali likazuka: amefurushwa na nani? Tofauti hii ina uzito nje ya darasa la sarufi. Anayekimbia huhitaji mahali pa kujisitiri. Anayefurushwa huhitaji pia haki, fidia na hakikisho kwamba aliyemfurusha hatarudia. Ndiyo maana mgogoro ulizuka kuhusu pesa zilizotolewa baadaye. Serikali ilizitoa kama msaada wa kuanzia maisha, na wengi waliozipokea walizisubiri kama fidia, wakaona haziwiani hata kidogo na walichopoteza.

Katika mazungumzo ya kila siku waliofurushwa hawakutumia sana istilahi yoyote kati ya hizi. Kambini walijiita 'maaidipii', neno lililofinyangwa kutokana na kifupisho cha Kiingereza na kutiwa kiambishi cha ngeli bila wasiwasi. Neno hilo lilikuwa kama tikiti, maana aliyeitwa hivyo alikuwa na haki ya kupanga foleni. Kwa upande mwingine, yule aliyelala sebuleni mwa binamu yake Umoja hakuitwa aidipii na yeyote. Aliitwa mgeni.

Ugeni una adabu zake katika Kiswahili, na una mipaka yake pia. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii haina ukatili. Inatambua kwamba chakula cha mwenyeji kina mwisho na kwamba kumkirimu mtu bila kikomo huwazamisha wote wawili. Tatizo la Eastlands ni kwamba hapakuwa na jembe la kumpa mgeni. Chumba cha kupanga huko aghalabu ni futi kumi kwa kumi. Mwenyeji mwenyewe hutegemea kibarua, kioski au kuuza mboga, na katika wiki zile soko lilikuwa limefungwa, bei ya unga imepanda na matatu hazitembei. Familia ya watu watano ilipogeuka ya watu kumi na mmoja, mwenyeji naye akawa mhitaji, ila hakuwa na jina katika fomu yoyote. Hakuwa mkimbizi wala mfurushwa. Alikuwa mtu aliyefungua mlango.

Orodha na hofu yake

Inaweza kuulizwa: kwa nini wageni hao hawakwenda kwa chifu wakajiandikisha? Wapo waliokwenda. Wengi hawakwenda, na sababu mojawapo ni kwamba orodha ina historia mbaya katika mitaa hii.

Mitaa ya kale ya Eastlands, kama Pumwani, Shauri Moyo na Bahati, ilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya Waafrika waliohitajika kufanya kazi mjini bila kuhesabiwa kuwa wenyeji wa mji. Ruhusa ya kukaa humo ilitegemea karatasi, na mwanamume wa Kiafrika alilazimika kubeba kipande. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, majeshi ya Uingereza yaliizingira Nairobi katika shughuli iliyoitwa Operesheni Anvil. Wakazi wa jamii za Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani, wakapangwa mistari, wakapitishwa mbele ya wasaliti waliofunikwa magunia vichwani, ambao walitikisa kichwa kuonyesha nani achukuliwe. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa vizuizini, na maelfu ya wanawake na watoto wakarudishwa mashambani. Katika mtaa wa aina hii, mtu huzaliwa akisikia kwamba kuandikwa jina kunaweza kuwa mwanzo wa kuondolewa.

Mwaka 2008 hofu hiyo ilipata sababu mpya. Majina ya Kikenya mara nyingi hudokeza kabila, na waliofurushwa Huruma na Mathare walikuwa wamefurushwa kwa sababu ya kabila. Kulitamka jina lako kwa sauti katika foleni iliyo uwanjani, mbele ya watu usiowajua, kulikuwa ni kujitangaza. Aidha, machifu na wazee wa mtaa waliopewa kazi ya kuthibitisha wakazi walikuwa watu wa mtaa huo huo, wenye makabila na vyama vyao. Hata walipokuwa waadilifu, ilikuwa vigumu kwa mfurushwa kuamini hivyo. Kwa mratibu aliyeketi ofisini, kutojiandikisha kulionekana kuwa dalili ya kutohitaji. Kwa mfurushwa kulikuwa namna ya kujilinda.

Nyumbani ya 'pa', ya 'ku' na ya 'mu'

Tarehe 5 Mei 2008 serikali ilizindua mpango wa kuwarejesha waliofurushwa, ukaitwa Operesheni Rudi Nyumbani. Ulifuatwa na Operesheni Ujirani Mwema, iliyokusudiwa kupatanisha, na Operesheni Tujenge Pamoja, iliyokusudiwa kujenga upya. Mipango hii ilibatizwa kwa Kiswahili, na mwanafunzi wa Kiswahili ana kila sababu ya kuyatazama majina haya kwa makini.

Neno 'nyumbani' limeundwa kwa 'nyumba' na kiambishi cha mahali '-ni'. Likishapata kiambishi hicho huingia katika ngeli za mahali, nazo ni tatu. Tukisema 'nyumbani pake' tunataja mahali dhahiri panapoonyesheka. Tukisema 'nyumbani kwake' au 'kwao' tunataja mahali kwa upana, upande mtu anakotoka au anakoelekea. Tukisema 'nyumbani mwake' tunataja ndani, penye kitanda, sufuria na vitabu vya watoto. Katika mazungumzo ya Nairobi tofauti hizi zimefifia na 'kwa' imemeza nyinginezo. Hata hivyo, maana zenyewe hazijafifia, nazo zinatusaidia kuona kilichoharibika.

Mpango wa Rudi Nyumbani ulibuniwa kwa kumfikiria mkulima wa Bonde la Ufa. Huyo nyumbani pake panajulikana: ni shamba lenye mipaka, na nyumba iliyoteketezwa inaweza kuinuliwa papo hapo. Kila kaya iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na aliyebomolewa nyumba akaahidiwa shilingi 25,000 za kuijenga upya. Aliyerudi shambani alihitaji usafiri, mbegu na mabati, na mambo hayo angalau yalikuwa katika hesabu ya wapangaji.

Mpangaji wa Huruma hakuwa na shamba wala nyumba yake mwenyewe mjini. Alichopoteza ni nyumbani mwake, yaani chumba alichokilipia kodi na vyote vilivyokuwamo. Ukuta haukuteketea. Siku ya pili mtu mwingine alikuwa amelala ndani yake, pengine jirani aliyekuwa katika umati uliomtoa. Katika baadhi ya ploti za Mathare wapangaji waliwafukuza wenye nyumba na kukaa bila kulipa kodi, hivi kwamba mwenye ploti mwenyewe akawa mfurushwa. Kwa watu kama hao, shilingi 25,000 za kujenga upya hazikuwa na pa kutumika, kwa kuwa jengo lilisimama pale pale. Walichokosa ni usalama wa kuingia ndani yake. Msaada uliolenga kuta haukuweza kumsaidia aliyepoteza mlango.

Kuna jambo zito zaidi. Mkazi wa Eastlands akiulizwa nyumbani ni wapi, mara nyingi hatataja mtaa anamoishi. Atataja Murang'a, Siaya, Machakos au Vihiga, hata kama amezaliwa hospitali ya Pumwani na huko mashambani huenda Desemba na wakati wa matanga tu. Vijana wana neno lao la Sheng, 'ocha' au 'ushago', lakini wazee husema 'nyumbani' bila kuongeza kitu. Mjini mtu ana nyumba, na nyumbani ni kwingine. Sasa mtu huyo huyo, aliyefukuzwa Januari kwa makelele ya 'rudini kwenu', anasikia Mei sauti ya serikali ikimwambia 'rudi nyumbani'. Nia za wasemaji wawili hawa zilitofautiana kama mbingu na ardhi. Mmoja alitaka kumwondoa, mwingine alitaka kumrejesha. Lakini kwa sikio la mkazi wa Eastlands maneno yao yaliweza kuelekeza upande mmoja: nje ya Nairobi. Na kweli, wapo waliopanda mabasi wakaenda mashambani ambako hawakuwa na ardhi wala kazi, na huko wakawa wageni wa ndugu kwa mara nyingine.

Haidaiwi hapa kwamba jina la mpango ndilo lililoleta upungufu wote. Upungufu ulikuwa na sababu nyingi, zikiwemo siasa, fedha na ufisadi. Linalodaiwa ni kwamba jina lilifichua dhana iliyokuwa imejificha katika mpango wenyewe, kwamba kila Mkenya ana nyumbani pamoja, kwamba pahali hapo ni shambani, na kwamba mji ni njia tu.

Waliobeba mzigo

Ilhali orodha rasmi hazikuwafikia, wageni wa Eastlands hawakuachwa na kila mtu. Makanisa na misikiti yalifungua kumbi zake. Akina mama waliokuwa na vyama vya kuchangiana walielekeza zamu ya mwezi kwa mwenzao aliyepokea wageni wengi. M-Pesa, iliyokuwa imeanza Machi 2007 na haijatimiza hata mwaka, iligeuka mrija wa jamaa kutumiana pesa kidogo kidogo na muda wa maongezi wakati maduka yalipofungwa. Januari 2008 kikundi cha Wakenya, akiwemo Ory Okolloh na Juliana Rotich, kilianzisha mtambo wa kukusanya taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi na kuzionyesha katika ramani ya intaneti. Waliuita Ushahidi, na jina hilo la Kiswahili likaja kutumika duniani kote katika majanga mengine, likiwemo tetemeko la ardhi la Haiti la 2010.

Mifano hii inaonyesha kwamba uratibu ulikuwepo Eastlands. Ulikuwa wa jirani kwa jirani, na haukuandikwa. Udhaifu wake ni kwamba ulifuata mishipa ya undugu, dini na kabila, na asiyekuwa na ndugu alibaki nje. Uratibu rasmi ulikuwa na mali na upana, ila haukuwa na macho ya kuona vyumbani. Kila upande ulikuwa na kilichopungua kwa mwenzake, na daraja kati yao lilikosekana.

Hali hiyo haikuwa ngeni Eastleigh, au Islii kama wenyeji waitavyo. Tangu serikali ya Somalia iporomoke mwaka 1991, wakimbizi wengi wamepokewa huko na jamaa zao. Nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge iligeuzwa soko, na kutoka hapo biashara ya mtaa mzima ikachipuka. Ilhali misaada ilikuwa Dadaab na Kakuma, waliochagua mji walijitegemea. Mwaka 2009 Shirika la Kuwahudumia Wakimbizi lilitoa sera mpya iliyokubali kwamba mkimbizi anaweza kuishi mjini na bado akastahili ulinzi. Lakini Desemba 2012 serikali ya Kenya iliagiza wakimbizi wote wa mijini warudi kambini. Mahakama Kuu ilibatilisha agizo hilo Julai 2013, na Aprili 2014 Operesheni Usalama Watch ikapita katika nyumba za Eastleigh na kuwapeleka maelfu kukaguliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Kwa mara nyingine, asiyekuwa kambini alionekana kuwa mahali pasipo pake.

Yaliyobadilika tangu 2008

Si haki kusema kwamba hakuna kilichojifunzwa. Desemba 2012 Kenya ilipata Sheria ya Watu Waliofurushwa Makwao Ndani ya Nchi na Jamii Zilizoathiriwa, iliyounda kamati ya kitaifa ya mashauriano na uratibu. Kichwa cha sheria hiyo chenyewe ni hatua, kwa kuwa baada ya kumtaja aliyefurushwa kinataja jamii zilizoathiriwa, na hapo mwenyeji aliyefungua mlango anaweza kujiona. Hata hivyo, mwaka uliofuata familia zilizokuwa zingali kambini zilipoanza kupewa shilingi 400,000 kila moja badala ya ardhi, waliotawanyika kwa jamaa waliendelea kusubiri. Kambi iliendelea kuwa kipimo cha uhitaji.

Njia mbadala ilikwisha kujaribiwa mapema. Mwaka 2008 shirika la Concern liliwatumia pesa kwa M-Pesa waathiriwa wa ghasia katika Bonde la Kerio. Kuanzia mwaka 2009, bei ya chakula ilipopanda, mashirika ya Concern na Oxfam yalituma pesa vivyo hivyo kwa kaya maskini za Korogocho na Mukuru. Msaada huu wa pili haukuwa wa waliofurushwa, lakini ulithibitisha jambo muhimu: inawezekana kumfikia mtu alipo, chumbani mwake, bila kumtaka kwanza ahamie hemani ili aonekane. Wazee wa mtaa na vikundi vya kina mama walipoulizwa nani ana njaa, walijua.

Mnamo Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza Dadaab na Kakuma kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia huduma pamoja. Kwa mara nyingine sera imechukua jina la Kiswahili, na neno lenyewe, kwa maana ya kushirikiana, linaahidi mengi. Wajibu wa wanaoijua lugha ni kuuliza, kama tulivyouliza kuhusu 'nyumbani', jina hilo linamjumuisha nani na linamwacha nani.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba uratibu wa misaada huanza na orodha, na orodha huanza na neno. Katika Eastlands maneno matatu yaliamua mengi. 'Mkimbizi' aliyeeleweka kuwa mtu wa kambini aliwaacha nje waliopokewa majumbani. 'Mgeni' lilimheshimu mfurushwa lakini likauficha uhitaji wake na wa mwenyeji wake. 'Nyumbani' lililoeleweka kuwa shambani lilimnyima mpangaji wa mjini pahali pa kurejeshwa.

Kutokana na hayo, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana kazi ya kufanya. Sheria ya 2012 iliandikwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Fomu ya usajili inaweza kuandikwa kwa Kiswahili kinachouliza maswali sahihi. Badala ya kuuliza tu 'Nyumbani ni wapi?', swali ambalo mkazi wa Huruma atalijibu kwa jina la kijiji cha babu yake, iulize: 'Ulikuwa ukilala wapi kabla ya kufurushwa? Sasa unalala kwa nani? Katika chumba hicho mnalala wangapi?' Swali la kwanza linarudisha nyumbani mwake. Swali la pili linamtambua mwenyeji. Swali la tatu linaonyesha kiasi cha unga kinachohitajika. Maswali hayo yakiulizwa kwa faragha, bila kumlazimisha mtu kutangaza jina lake mbele ya foleni, huenda wengi walioikimbia orodha wakaikaribia.

Kazi hiyo si ya kusubiri machafuko mengine. Istilahi hutungwa wakati wa utulivu, na fomu hujaribiwa wakati hakuna moto. Siku mfurushwa atakapobisha tena mlango wa jamaa yake Kayole, godoro kichwani, iwe kuna karatasi yenye nafasi ya kuwaandika wote wawili.